Chumvi ya Bhoke

Kijiko cha kwanza Filister alikiacha kipite. Cha pili akakohoa. Bhoke alipochota cha tatu na kukimwaga juu ya samaki wa mbuta aliyekuwa akichemka, mama mkwe wake aliweka chini ungo wa dagaa wa omena na kusimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni.

"Nyar Kuria, hiyo chumvi ni ya nani?"

"Ni ya Elijah, Mama."

"Mtu wa presha?"

"Daktari ndiye alisema. Chumvi mingi na maji mingi, mpaka siku ya operesheni."

Filister alicheka kicheko kisicho na furaha hata chembe. Muhuru Bay nzima, kuanzia wavuvi hadi watoto wa darasa la tatu, inajua kwamba mtu wa presha hapewi chumvi. Mhudumu wa afya wa kijiji hupita nyumba kwa nyumba akilihubiri jambo hilo. Sasa huyu binti wa Kikuria, ambaye hajavaa koti la daktari hata siku moja, anamwambia yeye, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, kwamba kuna daktari aliyesema kinyume! Filister hakuamini. Na tuseme ukweli, kuamini hakukuwa kazi yake. Aliponunua omena aliingiza mkono hadi chini ya gunia, na hata akikuta omena safi mpaka chini, alibaki akilishuku gunia lenyewe.

Elijah, mwanawe wa pekee, alikuwa fundi wa injini za boti. Kwa miaka mitatu kuna kitu kilikuwa kikimpanda ghafla: kichwa kinagonga, jasho linalowesha shati, uso unakuwa rangi ya jivu, na moyo unapiga hadi shati lenyewe linatikisika. Baada ya nusu saa kinaondoka, naye anarudi kwenye injini yake kama si yeye. Dawa za presha za kawaida hazikufua dafu. Mwezi uliopita, hospitali ya Homa Bay ilimpiga picha na kuona uvimbe juu ya figo la kushoto. Wakasema watautoa kwa kisu, lakini kwanza ameze vidonge vya pekee kwa wiki mbili. Leo ilikuwa siku ya sita.

Hofu ya Filister ilikuwa moja tu: kwamba Elijah hataifikia siku ya kisu, kwa sababu mkewe anamwua polepole mbele ya macho ya watu.

Ushahidi alikuwa nao tele. Kwanza, ule mtungi. Mwezi uliopita alimwona Bhoke kwa macho yake akikusanya mkojo wa mumewe kwenye mtungi wa plastiki, wa asubuhi, wa mchana, wa jioni, tone lisipotee, kisha akaufunga mfuniko na kuuweka mahali penye baridi. Alipoulizwa akasema ni wa kupimwa. Filister alikuwa amepimwa mkojo mara nyingi maishani mwake, na alitoa kidogo tu kwenye kikopo. Ni mke gani anayeweka akiba ya mkojo wa mumewe? Pili, vidonge. Tangu Elijah aanze kuvimeza pua zake zilikuwa zimeziba, na akisimama haraka anayumba kama mlevi. Juzi alianguka akienda chooni. Tatu, chumvi. Na nne, daftari.

Daftari ndilo lililomnyima usingizi. Kila Elijah alipopandwa na kile kitu, Bhoke alimfunga mashine ya presha mkononi, akasoma, kisha akaandika. Filister hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini kulikuwa na neno moja aliloweza kulitambua popote, kwa sababu ndilo la kwanza alilofundishwa: Mama. Siku moja alichungulia daftari likiwa wazi mezani akaliona. Mama. Mistari miwili chini, tena Mama. Akafunua ukurasa, Mama. Damu ikamwenda mbio. Mtu anayeandika jina lako mara nyingi hivyo, kwa siri, ana jambo analokutakia, na si jema.

Ungeuliza kwa nini asimwulize daktari mwenyewe. Angeweza. Siku ya picha alikuwa ndani ya chumba cha Daktari Oyaro, ameketi kitini, mkoba magotini. Lakini kabla hajaeleza chochote daktari alitaka kujua kama kuna mtu mwingine katika familia aliyeugua hivi. Baba ya Elijah alikufa kwa nini?

"Jicho la watu," Filister alijibu.

"Alikuwa na presha? Kutoka jasho, kichwa kuuma?"

"Nimesema jicho la watu!"

Akainuka akatoka, akakaa nje kwenye benchi akiwa amevimba kwa hasira. Kwa hiyo habari yote ya uvimbe, vidonge, maji na chumvi ilisemwa yeye akiwa nje, na ilimfikia kupitia kinywa cha Bhoke. Na kinywa hicho ndicho alichokishuku kuliko vyote.

Willis, mumewe, alikufa miaka kumi na tisa iliyopita. Alikula samaki kwa kaka yake Barnabas, na Barnabas akaikodolea macho sahani yake. Hivyo ndivyo Filister alivyosema siku ya mazishi, na hivyo ndivyo alivyosema hadi leo. Watu wa huku wanalijua jambo hilo, wanaliita sihoho: mwenye jicho baya akikutazama ukila, chakula kinagoma tumboni na kukaa humo hadi kikuue, usipompata wa kukitoa. Boma la Barnabas liko ng'ambo ya ua tu. Kwa miaka kumi na tisa Filister hakumsalimia.

Na wa kukitoa alikuwa nani? Alikuwa Filister huyo huyo. Mikono yake ilijulikana kuanzia Muhuru hadi visiwani. Wanawake walimletea watoto wanaolia tumbo, naye aliwalaza mkekani, akawapaka mafuta ya mbuta, akakanda kwa vidole gumba kutoka mbavuni kushuka kitovuni, hadi mwishowe akafungua kiganja na kuonyesha kipande cha samaki au punje ya muhindi. Vilitokaje tumboni? Tusimwulize. Yeye mwenyewe hakupenda kujiuliza, na watoto wengi walipona.

Elijah alikuwa akija kwake kila Jumapili baada ya kanisa. Alikuja yeye kwa mama, si mama kwake, maana mama wa Kiluo haingii chumbani kwa mwanawe. Alijilaza kwenye mkeka ule ule, na Filister alikuwa akikanda upande wa kushoto, chini ya mbavu, mahali ambapo vidole vyake vilimwambia pana kitu. Haukupita muda Elijah alianza kutoka jasho, akatetemeka, akawa mweupe midomoni. "Inatoka," Filister alikuwa akisema, "vumilia wuoda, mwanangu, inatoka." Baadaye jasho lilikauka, Elijah akalala usingizi mzito, naye mama akafuta mikono yake akiwa na furaha. Picha ya hospitali ilipoonyesha uvimbe mahali pale pale, alitaka kupiga vigelegele. Si alisema? Mashine yao ilichukua miaka mitatu kuona kitu ambacho mikono yake ilikiona bure.

Lakini waliporudi kutoka Homa Bay, Bhoke alimjia na habari nyingine.

"Mama, daktari amesema tumbo lisikandwe tena. Hata kidogo."

"Daktari amesema, ama wewe umesema?"

"Daktari, Mama."

"Unanikataza mtoto niliyemzaa?"

Bhoke alitazama chini, akarudi jikoni. Filister akaongeza jambo la tano kwenye orodha yake.

Siku ya nane vidonge vilikaribia kwisha, na kwa kuwa duka la dawa la hapo Muhuru halikuwa navyo, Bhoke aliondoka asubuhi kwenda Migori kuvitafuta. Milka, binti yao wa miaka sita, alikuwa shuleni. Filister alimtazama mkaza mwana wake hadi akapotea barabarani. Halafu alikwenda jikoni, akachukua kopo la chumvi na kulitupa chooni. Akapiga moyo konde, akamwita mwanawe.

"Njoo kwangu, wuoda. Kabla huyo hajarudi."

Elijah alisimama mlangoni ameshika fremu, akingoja kizunguzungu kipite. "Mama, walisema nisikandwe."

"Ni nani amekuwa akikutuliza miaka hii yote? Ni walisema, ama ni mimi?"

Elijah alikuwa mtoto mtiifu, na mtoto mtiifu haachi kuwa mtiifu kwa sababu ametimiza miaka thelathini na minne. Akajilaza mkekani. Filister akamimina mafuta mengi kuliko kawaida, maana alitaka kukimaliza kitu hicho leo, watu wa kisu wakija wakute tumbo tupu. Akaweka vidole gumba vyote viwili chini ya mbavu, akaegemea kwa uzito wake wote.

Kilichokuja hakikuwa kile cha Jumapili. Elijah alitoa macho. Mishipa ya shingo ilisimama, jasho likamchuruzika hadi mkeka ukalowa, mikono ikawa baridi kama ya mtu aliyetolewa ziwani. Alitapika. Akajaribu kusema jina la mtu, likakwama. "Inatoka," alisema Filister, lakini safari hii sauti yake mwenyewe ilimtia hofu. Dakika kumi zikapita, ishirini, na kitu hakikuondoka.

Bhoke alimkuta hivyo. Alikuwa amepata vidonge karibu na kituo cha magari na kurudi mapema. Hakupiga kelele. Alimwinua mumewe akamkalisha, akafunga mashine, akasoma, akampigia simu Daktari Oyaro kuomba gari la wagonjwa, na kumpa Elijah kidonge alichoagizwa. Kisha akachukua pembe ya leso yake na kumfuta mafuta tumboni, taratibu, hadi yakaisha. Akainua macho akamtazama mama mkwe wake.

"Ni chumvi yako," Filister alisema haraka. "Amekuwa hivi tangu ale chumvi yako."

Bhoke hakujibu. Alichukua daftari akaandika mstari mmoja, akaliacha kitini na kukimbilia barabarani kulipokea gari la wagonjwa. Kunyamaza huko Filister alikuona kuwa ni hatia tupu. Akalichukua daftari na kulitia kifuani, ndani ya gauni, na gari lilipokuja akapanda nalo. Liwe liwalo, leo atamshtaki.

Homa Bay walimpokea Elijah, wakamtundikia dawa, na kufikia alasiri presha ilikuwa imeshuka kiasi cha kumfanya aombe maji. Filister hakungoja zaidi. Aliingia katika chumba cha Daktari Oyaro bila kubisha na kuweka daftari mezani, bado lina joto la kifua chake. Bhoke alikuwa nyuma yake mlangoni.

"Daktari, soma. Nataka usome kwa sauti, huyu akisikia. Ameandika jina langu kila mahali. Anamaliza mtoto wangu kwa chumvi, halafu anamalizia na mimi."

Daktari Oyaro, mtu mnene wa maneno machache, alivaa miwani. Akasoma.

"Tarehe ishirini na saba Januari. Aliinama kufunga injini. Mia mbili na kumi. Dakika ishirini." Akafunua. "Tarehe nane Februari. Mama alimkanda tumbo. Mia mbili thelathini na sita. Dakika arobaini. Tarehe kumi na tano Februari. Mama alimkanda tumbo. Mia mbili arobaini. Alitapika. Tarehe kumi na nane. Alilala kifudifudi akicheka, Milka amempanda mgongoni. Mia moja tisini na nane. Tarehe ishirini na mbili. Mama alimkanda tumbo."

"Endelea," alisema Filister, ingawa hakuna aliyekuwa ameacha.

"Tarehe moja Machi. Mama alimkanda tumbo." Daktari aliruka kurasa hadi mstari wa mwisho. "Jumanne. Nilikuwa Migori. Mafuta tumboni. Mia mbili sitini na mbili."

Akavua miwani.

"Mama, hii daftari ndiyo ilituonyesha njia. Miaka mitatu kila mtu alikuwa anampa dawa ya presha na kumrudisha nyumbani. Huyu msichana ndiye aliona kwamba tumbo likibanwa, ndio kitu kinawaka. Ukikutana na kiboko kwa njia, mwili wako unamwaga dawa fulani ndani ya damu, moyo unapiga ndio ukimbie. Hiyo dawa inatoka kwa kitezi kidogo juu ya figo. Cha Elijah kimeota uvimbe, na uvimbe unaimwaga bila kiboko. Tuliiona kwa ule mkojo wa siku nzima, maana inatokea humo. Ukiufinya, unamwaga yote mara moja."

"Na chumvi?"

"Nilisema mimi. Mishipa yake imekazwa miaka mitatu. Vidonge vinailegeza, ndiyo maana akisimama anaona kizunguzungu. Ikilegea inataka maji ya kuijaza, na chumvi ndiyo inashika maji. Nikimpasua bila hiyo, atanifia mezani."

Filister aligeuka kumtazama Bhoke. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, akatafuta hasira ya kujifunikia asiipate.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia usimkande, Mama. Ukasema nakukataza mtoto wako. Kila Jumapili alikuwa anarudi kutoka kwako anasema, mkono wa Mama unanituliza. Ningesema ni huo mkono, nani angeniamini? Mimi, nyar Kuria?"

Jibu wote watatu walilijua.

Elijah alibaki wodini siku kumi na nne. Vidonge vilianzwa upya, na chumvi. Filister alikataa kurudi Muhuru. Alimletea mwanawe uji na supu, akaviweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili. Hakumgusa hata bega. Jioni moja Elijah alinyoosha mkono amshike, naye akajifanya anatafuta kijiko.

Siku ya kisu walikaa benchi moja, Filister na Bhoke, kuanzia saa mbili asubuhi. Filister alikuwa amekalia mikono yake yote miwili. Saa nne ikapita, saa sita. Bhoke alimega mkate, akamwekea kipande mapajani, na Filister akakila kwa kuinama, bila kutoa mikono, na wala hakujali nani anamwona. Alikuwa akiomba. Alimwomba Mungu amchukue yeye.

Daktari Oyaro alitoka saa nane kasoro, kofia ya kijani imelowa.

"Umetoka," alisema. "Yuko hai."

Bhoke aliangua kilio. Filister hakulia bado. Alitaka kujua kitu kimoja.

"Ulipoushika, ulikuwaje?"

Daktari alimtazama, akaelewa anachoulizwa. "Niliushika kama yai, Mama. Na bado presha iliruka mara mbili, mashine zikapiga kelele. Tukangoja ishuke, nikaendelea. Nilipofunga mshipa wake ikaanguka, tukaishikilia kwa maji na dawa. Bila zile wiki mbili, hangetoka."

Aliketi nao kwenye benchi, jambo ambalo madaktari hawalifanyi. "Sasa kuna swali moja. Ugonjwa huu mara nyingine unapita kwa damu, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Ikiwa ni hivyo, lazima Milka apimwe, na tumwangalie kila mwaka. Nilikuuliza juu ya baba ya Elijah, ukatoka nje."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ndani ya nyumba ile siku Willis alipokufa. Angeweza kusema jicho la watu kwa mara nyingine, na nani angembishia? Alimfikiria Milka amepanda mgongoni kwa baba yake akicheka. Polepole akaitoa mikono yake chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi.

"Nyar Kuria, daftari uko nayo?"

Bhoke alilitoa mkobani, na kalamu.

"Andika. Willis. Tarehe kumi na mbili Oktoba, mwaka wa elfu mbili na sita, ilikuwa Alhamisi. Alikuwa na jasho, na kichwa, na moyo kugonga, kama Elijah tu. Mwaka mzima alikuwa hivyo, kabla hata ya kula kwa Barnabas. Barnabas hakufanya kitu. Siku hiyo ilianza akivuta boti. Alikuja akalala kwa mkeka. Nikamkanda. Nilikanda sana. Nilimwambia avumilie, inatoka. Akafia hapo."

Kalamu ya Bhoke ilitembea, ikasimama, ikatembea tena. Daktari aliinamisha kichwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

Filister alilichukua daftari akalisogeza karibu na macho. Alipitisha kidole chini ya mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akilitafuta lile neno moja analolijua. Akarudia tangu mwanzo. Halikuwepo.

"Umeandika nini hapa mwisho?"

Bhoke akamsomea. "Nimeandika, alikandwa tumbo, akafa."

"Alikandwa na nani? Umesahau jina."

"Sijasahau, Mama."

Filister alimrudishia daftari na kuweka kidole mwisho wa mstari, mahali palipobaki nafasi.

"Liandike," alisema.

Na Bhoke akaliandika, machozi yakimdondoka, huku Filister akiitazama kalamu hadi ilipomaliza herufi ya nne.